Programu za Kompyuta: Fardhi Tuliyowaachia Wengine



Kila mwaka yatokapo matokeo ya mitihani ya sekondari hunijia wazazi baada ya sala ya Alasiri, wamefuatana na watoto wao, na maneno yao ni yale kwa yale: "Maalim, tuombee dua. Kijana huyu ataka kwenda Chuo Kikuu kusomea kompyuta, ataka awe mwandishi wa programu." Nami huuliza swali moja tu: "Hisabu amepata nini?" Hapo baba humtazama mtoto, na mtoto hutazama mkeka.

Dua nawaombea, wala sitaacha kuwaombea. Lakini leo nataka kuyasema wazi yale ambayo mbele ya mtoto huona haya kuyasema. Dua baada ya matokeo kutoka haigeuzi alama zilizokwisha andikwa. Mkulima hapandi siku ya mavuno kisha akainua mikono. Mtoto huyo alitakiwa aanze kutayarishwa miaka sita au saba nyuma, na wa kumtayarisha tulikuwa ni sisi: baba yake, mama yake, na mimi mwalimu wake wa chuo. Hatukufanya. Basi tusimlaumu mtoto, wala tusiseme kuwa ni majaaliwa. Majaaliwa ni ya Mwenyezi Mungu, na uvivu ni wetu.

Kuandika programu ni nini

Kwanza tuondoe kosa moja lililoenea majumbani mwetu. Wengi wadhani kusoma kompyuta ni kujua kuiwasha, kupiga barua, kupanga majina katika majedwali na kutoa karatasi. Hayo ndiyo yanayofundishwa katika vyuo vya mitaani kwa jina la "pakeji". Ni mambo mazuri, na karani ayahitaji, lakini si kuandika programu, kama vile kujua kupanda gari si kujua kuliunda.

Mjukuu wangu mmoja tulimtia katika chuo kimoja cha mjini ambacho sitakitaja jina. Tulilipa ada ya miezi mitatu, na mabango yao yalisema kuwa atatoka akiwa mtaalamu wa kompyuta. Alirudi na cheti chenye muhuri mkubwa. Nikamwuliza: "Umejifunza kuiamuru mashine ifanye kazi usiyoikuta humo ndani?" Akanijibu: "La, babu, nimejifunza kutumia iliyomo." Niliona uchungu kwa pesa zile, lakini nilipofikiri niliona kosa ni letu zaidi kuliko lao. Hatukuuliza wanafundisha nini. Tuliona bango, tukalipa. Mtu akinunua kanga huigeuza na kuitazama upande wa pili. Mbona twanunua ilimu bila ya kuigeuza?

Kuandika programu ni kuiandikia mashine maagizo, hatua baada ya hatua, kwa lugha maalumu ambayo haina nafasi ya "unajua nilitaka kusema nini". Mashine haijui ulitaka kusema nini. Yajua ulichoandika tu. Ukisahau hali moja, haikukumbushi kwa hisani. Ama itasimama, ama itaendelea kufanya makosa kwa kasi kubwa mno. Kwa hiyo mwandishi wa programu huhitaji kichwa kilichozoea kuuliza: ikiwa ni hivi, iwe nini? Na isipokuwa hivi, iwe nini? Na ikiwa vyote viwili vimekutana, itakuwaje?

Wanaosema ni ilimu ya kidunia tu

Wako wenzetu, na baadhi yao wavaa kilemba kama mimi, wasemao: "Hiyo ni ilimu ya kidunia, imetoka kwa wasiokuwa Waislamu, mtoto akisoma dini yamtosha." Ndugu hawa twawaheshimu, lakini neno lao halisimami.

Imamu al-Ghazali, ambaye alifariki mwaka 1111, na ambaye ni wa madhehebu yetu ya Shafi, ameeleza katika kitabu chake cha Ihya kwamba utabibu na hisabu ni katika fardhi kifaya. Hisabu yahitajiwa katika biashara na wasia na mirathi, na mji ukikosa ajuaye mambo hayo, watu wake wote wataingia katika dhiki. Kisha akawalalamikia wanavyuoni wa zama zake, kwamba wanasongamana katika khilafu za fiqhi ilhali miji haina tabibu ila asiyekuwa Mwislamu. Hayo ni malalamiko ya zaidi ya miaka 900 iliyopita, nayo ukiyasoma leo utadhani ametutazama sisi wa Pwani. Na fardhi kifaya, kama tunavyowasomesha watoto, ni ile ambayo wakiifanya baadhi huwaondokea wote, na wakiiacha wote hupata dhambi wote. Tumeiacha maiti tukasema fulani atamzika? Hatufanyi hivyo. Basi mbona hili twasema fulani atalifanya?

Na wasemao kuwa haifai kujifunza kilichotoka kwa wengine, nawakumbusha khabari ya Zayd bin Thabit (R.A.). Mtume wetu (S.A.W.) alimwamrisha ajifunze maandiko ya Mayahudi, kwa kuwa hakuwaamini wengine kumwandikia barua zake. Na Zayd, kama alivyosimulia mwenyewe, aliyaweza kwa muda wa kiasi cha nusu mwezi. Tazama sababu iliyotajwa ndani ya khabari hiyo: ni amana. Mwenye kukuandikia na kukusomea ndiye mwenye siri zako. Leo vitabu vya benki, majina ya wagonjwa, orodha za mahujaji, pesa za simu, hata nyakati za sala zilizomo katika simu yako, yote hayo yameandikwa na watu kwa lugha za programu. Je, katika nyumba yako au mtaa wako yuko hata mmoja awezaye kuyasoma maandiko hayo akakwambia yana nini ndani yake?

Na yule asemaye kuwa jambo hili halina asili kwetu, ajue kuwa neno algorithimu, ambalo ndilo neno kubwa katika fani hii, limetokana na jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad katika zama za Khalifa al-Maamun, aliyetawala mwaka 813 hadi 833. Yeye ndiye mwenye kitabu cha al-Jabr, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Lakini nawaonya: tusilifanye jina la al-Khwarizmi kuwa ni la kujivunia katika maulidi na mikutano, kisha tukarudi nyumbani na watoto wetu hawajui kugawanya sehemu kwa sehemu. Kujivunia mali ya babu aliyoiacha, nawe umeipoteza, ni aibu juu ya aibu.

Mfano wa mirathi

Nataka nikupe mfano ambao kila aliyekaa darasa ya faraidhi ataujua. Mume aliyefiwa na mkewe hupata nusu asipoacha mke huyo mtoto, na robo akiwa ameacha mtoto. Mke aliyefiwa hupata robo, au thumuni akiwa marehemu ana mtoto. Yuko anayemzuia mwenziwe asirithi, na yuko anayempunguzia. Haya, ndugu yangu, ndiyo yenyewe yanayoandikwa katika programu: ikiwa yuko mtoto, fanya hivi, asipokuwako, fanya vile. Mtoto wa chuoni aliyeifahamu faraidhi barabara amekwisha tembea nusu ya njia, wala hajui kuwa ameitembea, kwa kuwa hapana aliyemwambia.

Sasa tuseme kijana mmoja, hodari wa kompyuta lakini hakusoma faraidhi, ameandika programu ya kugawanya mirathi. Ameijua nusu, ameijua robo, ameijua thuluthi mbili. Akafa mwanamke, akaacha mume na dada wawili wa baba na mama, na mali ni shilingi 4,200,000. Programu itampa mume nusu, shilingi 2,100,000. Itawapa dada wawili thuluthi mbili, shilingi 2,800,000. Jumla ni shilingi 4,900,000. Imegawa shilingi 700,000 zisizokuwako! Mashine haitaona haya wala haitakwambia kuwa kuna tatizo. Lakini aliyesoma ajua kuwa hapa iko auli, ambayo yasimuliwa kuwa ilitokea katika zama za Sayyidna Umar (R.A.): asili ya mas-ala ambayo ni 6 hupandishwa ikawa 7, mume akapata mafungu 3 na dada mafungu 4. Mume atapata shilingi 1,800,000 na dada wawili shilingi 2,400,000, na hesabu imetimia.

Umeona? Mjuzi wa mashine asiyejua fiqhi amekosea, na mjuzi wa fiqhi asiyejua mashine hawezi kumsahihisha, kwa kuwa hajui kosa limejificha wapi. Anayetakiwa ni yule mwenye yote mawili. Na huyo hatatoka mbinguni. Atatoka katika chuo changu na chako.

Kosa langu mimi

Nisije nikadhaniwa nawanyoshea wengine kidole nami nimejitoa. Miaka mingi nyuma alikuwako chuoni kwangu kijana mmoja, yatima wa baba, mwenye akili ya ajabu. Mas-ala ya faraidhi ambayo wakubwa zake waliyaandika ubaoni kwa nusu saa, yeye aliyatoa kichwani. Akiwa Kidato cha Pili, mwalimu wake wa skuli alitaka kumsomesha hisabu za ziada Jumamosi asubuhi bila ya malipo. Mama yake alinijia kuniomba ruhusa, kwa kuwa Jumamosi asubuhi ilikuwa ni darasa yangu. Nilikataa. Nilimwambia: "Mwana huyu ni wa dini, hisabu za skuli zitamtoa." Na mama akanisikiliza, kwa kuwa mimi ni Maalim.

Kijana alimaliza skuli na hisabu mbovu. Aliomba kusomea kompyuta Chuo Kikuu akakataliwa, kwa haki, kwani masharti hakuyatimiza. Leo aendesha tuktuk. Kazi ya halali haina aibu, naye ni mtu wa sala ya jamaa kuliko wengi. Lakini kila anitoleapo salamu njiani na kuniita Maalim kwa adabu ile ile, najua nilichomnyima. Ningeweza kuihamisha darasa yangu ikawa Jumamosi alasiri. Ilikuwa ni jambo la saa tatu tu. Sikulifanya kwa kuwa nilidhani kila saa aitumiayo kwa hisabu imeibwa katika dini, ilhali ile hisabu ilikuwa ni ile ile ninayoisomesha mimi kwa jina jingine. Naandika haya ili mwalimu mwenzangu, ukijiwa na mama kama yule, usijibu nilivyojibu.

Khabari ya waya wa baharini

Mwaka 2009 ulifika Mombasa waya wa baharini uitwao TEAMS, uliotoka Fujairah katika Ghuba, urefu wake kiasi cha kilomita 5,000. Mwaka huo huo ulifika wa SEACOM, na mwaka 2010 wa EASSy. Nyaya hizi ndizo zilizotuletea intaneti ya kasi, nazo zimepita katika bahari ile ile waliyopita wazee wetu kwa majahazi na pepo za kaskazi, wakileta tende na kupeleka boriti. Wazee wetu waliijua bahari ile, wakajua nyota zake na misimu yake, wakaifanyia kazi. Sisi waya umepanda ufuoni kwetu, ukapita chini ya miguu yetu, ukaenda bara. Na wa bara wakaufanyia kazi wakapata vyeo na mishahara. Sisi twautumia kutazamia mipira na arusi za watu. Kisha twasema twaonewa! Kuonewa kuko, sikatai, na haki zetu tuzidai. Lakini waya hauchagui kabila wala dini. Hapa hatukuonewa, hapa tulilala.

Na wala si kweli kuwa wa Pwani hawakuwahi kuliamkia jambo hili. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui katika gazeti lake la al-Islah, mwaka 1932, alikuwa akiwahimiza Waislamu wa Mombasa juu ya ilimu. Na mwaka 1948 iliundwa Mombasa taasisi ya MIOME, kwa michango ya Agha Khan, Sultani wa Zanzibar, Mabohora na serikali ya wakati ule, makusudi yake ni kuwafundisha vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki ilimu ya ufundi. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Taasisi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Mombasa Polytechnic, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, na kompyuta yasomeshwa humo. Mlango wake uko Tudor, mwendo wa miguu kutoka Mji wa Kale. Sasa jiulize, ni wangapi kutoka mtaani kwako wameuingia mlango huo?

Wanaosema akili bandia imemaliza kazi

Sasa kumezuka hoja mpya, na hii waisema vijana wenyewe. Wasema: tangu mwishoni mwa mwaka 2022 ilipotolewa ChatGPT, mashine zaandika programu zenyewe, basi ya nini kujisumbua na hisabu?

Twakubali kuwa mashine hizo zaandika, tena kwa haraka. Na si uongo kuwa zile kazi nyepesi walizokuwa wakipewa wanaoanza, mashine yaweza sasa kuzifanya. Lakini itazame hoja yenyewe. Ikiwa mashine yaweza kuandika mistari 1,000 kwa dakika moja, ni nani atakayejua kuwa mstari wa 640 umesahau auli? Mashine hizi husema kwa yakini hata zinapokosea, kama mtu mwenye sauti nzuri asomaye asichokijua maana. Anayeweza kumsahihisha msomaji ni aliyehifadhi kuliko yeye. Kwa hiyo akili bandia haikuondoa haja ya ilimu. Imemwondoa mwenye ilimu haba, na imemwongezea thamani mwenye ilimu ya kina. Aliyekuwa akitegemea miezi mitatu ya pakeji, huyo ndiye wa kuogopa.

Matayarisho yenyewe

Haya basi, baba na mama, nisikilizeni. Nimewauliza wajuao, vijana wetu wachache waliopita njia hii, na haya ndiyo wanayosema.

Kwanza ni hisabu, tangu madarasa ya chini. Usikubali neno la "mtoto wangu hana kichwa cha hisabu". Aliyehifadhi juzuu 5 kwa kurudia kila siku ana kichwa; kilichokosekana ni kurudia. Nusu saa kila siku, kama anavyodurusu msahafu.

Pili ni Kiingereza cha kusoma na kufahamu. Vitabu vya fani hii karibu vyote ni vya Kiingereza, na lugha za programu zenyewe hutumia maneno yake. Kama vile asiyejua nahau ya Kiarabu hafiki mbali katika fiqhi, vivyo hivyo hapa.

Tatu ni kuchagua masomo kwa kujua. Kenya, mfumo mpya wa ilimu ulioanza kuingizwa mwaka 2017 wamtaka mwanafunzi aingiaye Darasa la 10 achague njia moja katika tatu: sayansi, ufundi na hisabu, au ilimu ya jamii, au sanaa na michezo. Tanzania, aingiaye Kidato cha Tano huchagua mkusanyiko wa masomo, na atakaye kompyuta atafute wenye hisabu za juu, kama fizikia, kemia na hisabu. Mlango ukiufunga hapo, kuufungua baadaye ni taabu kubwa. Masharti ya kuingia hutolewa na KUCCPS kwa Kenya na TCU kwa Tanzania. Yasomeni mapema, si siku ya matokeo.

Nne ni kujua majina. Kuna shahada ya sayansi ya kompyuta, kuna ya uhandisi wa programu, kuna ya teknolojia ya habari. Ya kwanza hutilia nguvu hisabu na misingi; ya pili namna ya kujenga programu kubwa kwa watu wengi; ya tatu zaidi ni kuziendesha na kuzitunza kompyuta na mitandao ya ofisi. Zote ni kheri, lakini si moja. Atakayesoma ya kwanza atakuta mantiki, ile ile ambayo wanavyuoni wetu huisoma katika Sullam ya al-Akhdari.

Tano, asingoje Chuo Kikuu ndipo aanze. Aanze nyumbani na lugha moja, na wengi hushauri Python, iliyotolewa mwaka 1991, kwa wepesi wake. Ashikamane nayo mwaka mzima, asirukeruke kama kipepeo. Aandike vitu vidogo vya haja: hesabu ya duka la baba, orodha ya ada za chuoni, mirathi. Kompyuta iliyotumika yatosha, na mfumo wa Linux hutolewa bure. Na Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani hutoa darasa lake la kwanza la kompyuta, liitwalo CS50, bure kwa yeyote. Asiyekuwa na pesa ana njia. Asiyekuwa na subira ndiye hana.

Sita ni subira hiyo yenyewe. Wanaofanya kazi hii waniambia kuwa muda wao mwingi hawaandiki, bali watafuta kosa, pengine siku mbili kwa nukta moja. Na wakati wa kutafuta kazi, mwajiri humwuliza mtu: umetengeneza nini? Cheti chamfikisha mlangoni. Kazi ya mkono wake ndiyo imwingizayo.

Pesa, mabinti na halali

Utaniambia huna pesa za kununua kompyuta. Huenda ni kweli, na kwa mwenye dhiki hiyo nina maneno na kamati za misikiti: kompyuta tano katika chumba kimoja cha madrasa, baada ya Isha, zagharimu kuliko zulia jipya? Lakini wewe uliyefanya siku ya hina, na siku ya nikahi, na siku ya kupamba, ukakodi ukumbi na mpiga picha wawili, usiniambie huna. Sema hukutaka.

Na mabinti zetu tusiwaache nyuma. Mwaka 1843 mwanamke wa Kiingereza, Ada Lovelace, alichapisha maelezo ya namna mashine ya Charles Babbage ingeweza kupewa maagizo ya hisabu, na mashine hiyo haikuwahi kukamilika. Na mwaka 1952 Grace Hopper wa Marekani alitengeneza programu ya kuifasiria mashine maagizo. Wanawake wamo katika fani hii tangu mwanzo wake. Tena ni kazi iwezayo kufanywa nyumbani, kwa sitara na heshima. Wewe usemaye wamtakia binti yako sitara, mbona wamkataza kazi iliyo na sitara?

La mwisho, na ndilo kubwa kwangu. Kalamu hii yaweza kuandika haramu. Programu za kamari za mpira zinazowala vijana wetu, na mikopo ya simu yenye riba, zimeandikwa na mtu aliyekaa kitini akalipwa. Na mwandishi wa programu huona siri za watu: pesa zao, maradhi yao, barua zao. Hiyo ni amana kabla ya kuwa ni sheria, ingawa sheria nazo ziko, Kenya tangu mwaka 2019 na Tanzania tangu mwaka 2022. Basi wako watakaosema: "Kumbe, ndiyo maana tuwakataze." Mimi nasema kinyume chake. Soko lina wadanganyifu, na hatukuacha biashara. Tuliwasomesha watoto fiqhi ya biashara. Mtoto wetu asipoingia, kamari itaandikwa vile vile, na hapatakuwa na wa kuandika badali yake.

Ndugu msomaji, usilifunge gazeti hili ukasema Maalim amesema kweli, kisha ukalala. Usiku wa leo mwite mwanao, mwambie alete daftari la hisabu, ulitazame. Hata kama hujui kilichoandikwa humo, wekundu wa kalamu ya mwalimu utaujua. Na wewe mwalimu mwenzangu, itazame ratiba yako ya Jumamosi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie ilimu yenye manufaa, atusamehe tulipowazuilia watoto wetu kheri kwa kudhani twawahifadhi, na awajaalie wao wawe bora kuliko sisi. Amin.

Wassalamu alaykum.